Hoja ya Sita

Ramani ni moja, sisi tuko kumi na wanne.
Imeshikizwa selotepu mgongoni, ilichapwa kabla mama hajazaliwa.
Mwalimu Shemhilu anaitandaza juu ya madawati mawili yasiyolingana,
hivyo Pongwe inatumbukia bondeni
na Tanga mjini inapanda kilima ambacho haijawahi kuwa nacho.

"Mashariki kwanza, kaskazini baadaye.
Mtu huingia mlangoni ndipo apande ngazi."
Riziki Semhando huanza na ngazi kila siku.
Jana aliijenga stesheni katikati ya bahari,
akacheka hadi akatolewa nje.

Reli tunaipima kwa uzi.
Wangu nimeuchomoa kwenye pindo la shuka la bweni;
kidole kimoja kinakanyaga kona, kingine kinasogea,
kisha nanyoosha kwenye rula, na kona zote zinasahaulika.

Mkonge tunauhesabu kwa miraba.
Uliojaa, mmoja. Uliokatwa, nusu.
Kilomita za mraba kumi na moja na robo tatu,
zote kijani kilekile, vitone kwa safu,
wala hakuna kitone kinachotoka jasho.

Halafu nadharia.
Eleza sababu za mkonge kustawi katika ukanda huu. Alama ishirini.
Tunakariri kwenye foleni ya maji, ndoo miguuni:
mvua ya wastani,
udongo usiotuamisha maji,
reli,
bandari,
mtaji wa wageni.
Vidole vya mkono mmoja vimekwisha.
Naazima kimoja cha mkono wa pili:
nguvukazi rahisi.

Hoja ya sita yuko hai.
Anaitwa Ntakije, anakaa kwetu Pongwe, chumba cha uani,
na redio anaisikiliza kwa sauti ya kugombana.
Alitoka Kasulu kwa miguu hadi treni ya Kigoma.
Jicho la kushoto lilikwenda na mwiba wa jani.
Kwake shamba halikuwa mraba:
majani thelathini, tita;
tita juu ya tita mpaka mita itimie;
mita ikitimia, karani anatia alama kwenye kipande.
Isipotimia, siku hiyo haikuwepo,
hata kama jua lilichomoza na mgongo unakumbuka.

Rahisi?
Uji ukipoa anaurudisha.
Shati lisilopigwa pasi halivai, hata kwenda chooni.

Jumamosi ya ruhusa nilimwuliza sababu, daftari likiwa wazi.
Nilitegemea sita.
Akasema, "Nilifuata blanketi."
Nikangoja aendelee.
Akaongeza sauti ya redio.

Kwenye jaribio niliandika hoja zote kwa mpangilio,
na ya sita nikaitia mabano:
(babu yangu, ambaye hakuwa rahisi).
Mwalimu akatia tiki, akapigia mabano mstari mwekundu,
pembeni akauliza: Chanzo?
Nikajibu kwa wino wa bluu: Uani kwetu.
Karatasi haikurudi tena kwake; sijui angesema nini.

Mtihani wa taifa umebaki wiki tatu.
Nimeomba ramani usiku mmoja, nimetia saini kwa mtunza stoo.
Babu aliniagiza nikiwa tayari mlangoni, kama anayeagiza chumvi:
"Hebu tazama kama kisima kipo.
Cha kambi ya tatu. Tulikichimba watu watatu,
mmoja hakutoka."

Nimeingia mlangoni, nimepanda ngazi.
Nimeshusha lenzi mpaka karatasi ikawa nyuzinyuzi.
Tangi la meneja lipo, duara la bluu lililokoza.
Njia ya troli ipo. Hata banda la mbwa, nadhani, lipo.
Pale anapopataja babu kuna vitone,
safu kwa safu.

Nimechonga penseli.
Nimeweka duara dogo, na ndani yake nukta,
kwa mkono mwepesi sana,
maana ramani ni ya shule
na Riziki ana ufutio mpya.